Soli Iliyolika Mbele

Asiyeamini habari hii atazame kwanza chini ya viatu vyake, kisha aje tubishane. Nasimulia yaliyompata mwanangu Gundi. Palipo na chumvi nimeitia mimi, lakini nimetia ya kuonja tu, sikumwaga kopo.

Gundi sikumzaa. Mama yake alikuwa mdogo wangu. Alifariki mtoto hajaota magego, nikamlea, ndiyo maana ananiita Mama Mkubwa. Mimi namwita mwanangu, ila siku akiniudhi namwita mwana wa marehemu. Jina la Gundi alipewa na watu. Ni fundi viatu, na mikono yake inanuka gundi hata akitoka kuoga. Lakini si harufu tu. Huyu akishika kitu, haachii. Alipokuwa na miaka minne alishika mkia wa mbuzi sokoni, mbuzi akatimua mbio, mitaa saba mtoto anaburutwa. Tulipompata, mkia bado alikuwa nao. Mbuzi hatukumwona tena.

Kazi yake anaifanyia chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi unatazama barabara ya lami. Ana kigoda cha miguu mitatu, ana ule mguu wa chuma wa kuvika kiatu ukikigonga, ana makopo ya misumari na rafu ya viatu vinavyosubiri wenyewe. Kwa kuwa yeye hukaa chini na watu husimama, dunia yote anaijua kuanzia magotini kushuka. Ukimsalimia anaitikia viatu vyako. Nimewahi kukaa mbele yake asubuhi nzima nimevaa ndala za jirani, akaniita kwa jina la jirani.

Mimi na shule tulipishana njiani bila kusalimiana, na Gundi aliishia darasa la tatu. Lakini mpe kiatu, akigeuze, akusomee. Kisigino kikilika upande wa nje, mwenyewe ana haraka na hajui anakwenda wapi. Soli ikitoboka katikati, huyo husimama sana kusikiliza ya watu. Kiatu cha mwanamke kikibonyea nyuma ghafla, alikuwa ananinong'oneza, "Mama Mkubwa, huyu siku hizi anaegemea nyuma akitembea. Kuna mtu tumboni." Nami sikuwa na dogo, ningefika kwa mwanamke kumpa hongera kabla mumewe hajaambiwa. Mara moja tulimpongeza mtu ambaye hata mwenyewe alikuwa hajajijua. Alinifukuza na ufagio. Baada ya wiki tatu akarudi kuniomba radhi, anatapika.

Sasa mkewe. Huyo waliita Futi Nne, na waliompa hizo nne walimwonea huruma. Saa sita mchana kivuli chake kilikuwa kinatosha ndani ya viatu. Alikuwa mpiga pasi kwenye nyumba ya dobi inayofua mashuka ya hoteli, na kule alipewa kreti la soda asimame juu yake, la sivyo meza ingemfika kidevuni. Ana mikono ya haraka, ana ulimi mkavu, na alipokuwa msichana alikuwa na kicheko ambacho ukikisikia ukiwa umebeba ndoo, unaitua. Ndicho kilichomnasa Gundi. Walioana, wakapata binti mmoja, naye amekwisha olewa mji wa mbali. Miaka ishirini na mitatu waliishi pamoja.

Na miaka hiyo yote Gundi alikuwa na wivu. Simsemi vibaya. Kwenye ukoo wetu wivu ni kama kisogo, kila mtu anacho na hakuna anayekiona cha kwake. Marehemu mume wangu akimsifia mwanamke mwenzangu kwamba amesuka vizuri, mimi nilikuwa natia chumvi chai yake kwa siku nne, halafu nakaa kumtazama akinywa. Lakini wa Gundi ulikuwa na vidole, unapapasa kila kitu. Daktari wa meno alimfungua mkewe mdomo robo saa, Gundi akakaa siku tatu haongei. Redioni kulikuwa na mtangazaji wa sauti nzito, na Futi Nne alipenda kupika akimsikiliza. Gundi akahamisha stesheni ikawa ya bei za mazao, akakikata kile kidude cha kuzungushia kwa kisu cha ngozi. Hadi leo redio ile haijui kitu kingine ila gunia la mahindi.

Kisha likaja la kinyozi. Chumba cha nyuma, cha kulala, kilikuwa na dirisha moja linalotazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro kinyozi kijana akafungua banda lake. Mzuri kweli, sitasema uongo. Mimi mwenyewe nilipita pale mara mbili na sina ndevu. Futi Nne alizoea kukaa dirishani jioni akitazama watu wanaonyolewa. Siku moja Gundi akaingia akamkuta anatabasamu. Hakuuliza. Alirudi chumba cha mbele akachukua nyundo, misumari, na mbao nne za kreti, akalipiga dirisha mbao kutoka ndani mpaka likawa ukuta. Akaapa mguu wake hautakanyaga uchochoro ule.

Mwaka wa pili Futi Nne akamwambia, kwa upole kabisa, "Baba, kinyozi amehama. Ondoa mbao tupate hewa."

Gundi akamtazama. "Umejuaje kama amehama?"

Haya, hapo ajibu nini? Akisema yupo, amemchungulia. Akisema hayupo, amemtafuta.  Mbao zikakaa miaka kumi na miwili.

Mtoto alipokwisha olewa, siku moja Futi Nne alirudi kutoka kazini, akakunja nguo zake. Na mpiga pasi akizikunja nguo zake mwenyewe, ujue hazikunjuliwi tena hapo. Akapanga chumba mtaa wa nne kutoka kwetu, kisha akaenda mahakamani kuomba talaka.

Hakimu alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Gundi alisimama, macho chini, kama kawaida anaongea na viatu vya hakimu.

"Sijampiga, mheshimiwa. Sijamnyima chakula. Sijalala nje hata siku moja. Kosa langu nini? Mimi sikubali kuachwa."

Hakimu akamgeukia mke. "Mama, wewe sababu yako ni ipi?"

"Nimechoka kujibu," akasema Futi Nne.

"Kujibu nini?"

"Hicho hicho, mheshimiwa. Nikisema nilikuwa sokoni, sokoni na nani. Nikisema peke yangu, kwa nini peke yangu. Miaka ishirini na mitatu nimejibu. Sasa nimemaliza majibu, sina hata la akiba."

Hakimu akavua miwani. Akawaambia maneno ambayo hata mimi niliyaelewa: Gundi akikubali, wanatia sahihi na mambo yanaisha. Asipokubali, kesi itaendelea, na kesi za namna hiyo huenda miaka. Akawapa miezi mitatu wakafikiri.

Tulipotoka, Gundi aliniambia, "Hata miaka kumi, Mama Mkubwa. Siachii." Mimi nikauona mkia wa mbuzi.

Sasa sikilizeni. Ndoa ilikuwa imevunjika, lakini viatu vya Futi Nne navyo vilikuwa vimevunjika. Alikuwa na pea moja nyeusi ya bapa, aliyotengenezewa na mumewe mwenyewe, anavaa kazini na nyumbani. Mjini wapo mafundi wengine, ila mmoja hushona kama anafunga gunia, na wa pili viatu vyake hucheka, vinaachama mbele ukitembea. Basi mwezi haujaisha, Futi Nne akaniletea viatu kwenye mfuko.

"Mama, mpelekee fundi."

"Fundi yupi?"

"Unamjua. Mwambie ni kazi tu, asianze."

Nikavipeleka. Gundi alivipokea kama mtu anayepewa mtoto. Akapangusa vumbi kwa kiganja. Kisha akavigeuza.

Nilimwona anabadilika rangi kuanzia masikioni. Akasogea mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kwenye soli, mbele, nyuma, mbele tena.

"Kisigino kizima," akasema. "Kama siku nilipokipigilia. Tazama hapa mbele. Pameliwa pote, chini ya vidole. Kulia na kushoto sawasawa."

"Basi tia kipande, mwanangu."

"Mama Mkubwa, mtu huyu anasimama kwa ncha za vidole. Kila siku. Na si kidogo, anakaa hapo kitambo." Akaninyanyulia macho, jambo ambalo hufanya mara chache. "Mtu wa futi nne anasimama kwa vidole kwa nini?"

"Labda chumvi iko rafu ya juu."

"Nusu saa nzima anachukua chumvi? Chumvi gani hiyo, anaichimba?"

"Labda kazini."

"Kazini ana kreti." Akavigeuza tena. Halafu akalitoa, neno moja moja, kama anang'oa misumari. "Kuna mwanaume. Na ni mrefu."

Ningemkataza, lakini nitasema ukweli: mimi nami nilitaka kumjua. Mwanamke wa umri ule, na mwanaume mrefu! Usiku ule nilikumbuka watu wote warefu wa mji na kuwapa alama.

Gundi akaanza upelelezi wake. Akatangaza kwamba wanaume wote watengenezewe viatu bure wiki ile. Watu wakajaa mpaka barabarani, kila mtu ameshika kiatu kilichokufa. Yeye alikuwa anatafuta miguu mikubwa, maana alisema mtu mrefu hawezi kusimama juu ya mguu mdogo, ataanguka. Akikuta mkubwa, anauliza kama anapita tu, "Nyumbani hapo mlangoni kwako unainama kuingia?" Ndani ya siku sita alipata watatu. Wa kwanza mzee wa miaka themanini. Wa pili hakuwa mrefu, alikuwa na miguu tu. Wa tatu alikuwa Mlingoti.

Mlingoti ni mtunza ghala pale pale kwenye nyumba ya dobi. Ndiye anayeanika mashuka kwenye kamba za juu, na hahitaji ngazi. Ndege walikwisha kumzoea. Gundi aliposikia anafanya kazi kwa dobi, aliangusha nyundo.

Akaenda mchana kweupe, mimi nyuma yake nikikimbia na kanga inanifunguka. Tulimkuta Mlingoti uani katikati ya mashuka. Gundi akasimama mbele yake. Alimfika kwenye kifungo cha tatu.

"Wewe," akasema Gundi. "Unamfahamu mke wangu?"

"Futi Nne? Namfahamu, bosi. Nampaga kreti lake kila asubuhi."

"Na jioni je? Jioni unampa nini?"

Mlingoti akafikiri. Si mtu wa haraka, habari zinamfika kichwani zimechoka. Zilipofika, akacheka mpaka mashuka yakatikisika.

"Bosi, unanitazama vizuri? Mimi nikitaka kumbusu mtu yule nitahitaji ngazi ya kushukia. Nina mgongo mbovu. Hata kamba za viatu nafungiwa na mke wangu."

Gundi akatazama chini. Kweli, kamba zilikuwa zimefungwa kwa nje, fundo la mtu aliyepiga magoti mbele yako. Aliyasoma mafundo yale muda mrefu. Kisha akasema, "Soli yako ya kushoto inaachia. Ilete kesho." Akageuka.

 Tulipofika kwake akakaa kwenye kigoda, akavishika tena vile viatu vyeusi, akaanza kulia. Mtu wa miaka arobaini na nane. Machozi yanamwangukia kwenye ngozi na yeye anayapangusa upesi yasiache doa.

"Nenda kwake, Mama Mkubwa. Wewe hatakufukuza. Angalia msumari wa kofia uko juu kiasi gani. Angalia kama kioo kimetundikwa juu. Niambie tu ni nani. Nikimjua nitatulia."

"Hutatulia."

"Sitatulia. Nenda."

Nikaenda jioni ya siku iliyofuata, nimembebea viatu vyake vikiwa na soli mpya. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, nikaingia. Chumba chenyewe kidogo, kuta zimepakwa chokaa. Kitanda kimoja, jiko la mafuta, sufuria mbili, pasi yake ya akiba. Zamani kilikuwa stoo ya karakana, ndiyo maana dirisha lake ni tundu tu lenye nondo, ukingo wake ukimfika mwenye chumba kwenye paji. Nikatafuta msumari wa kofia. Ulikuwepo mmoja, na umetundikwa aproni, urefu wa bega langu. Nikainama kutazama chini ya kitanda kwa kisingizio kwamba nimeangusha hereni.

"Mama, una hereni zote mbili," akasema Futi Nne mlangoni. Alikuwa ndiyo anarudi kutoka kazini.

"Basi ni ya siku nyingine."

Hakuniuliza zaidi. Akavaa viatu vilivyotoka kwa fundi, akaweka mkoba kitandani, na hata maji hakunywa. Akaenda moja kwa moja ukutani, akadaka nondo za dirisha kwa mikono miwili, akajinyanyua kwa ncha za vidole, akatazama nje. Akatulia hapo.

Mimi nikasubiri. Nikahesabu boriti za dari. Nikaketi. Mwisho nikauliza, "Unamtazama nani?"

"Simtazami mtu."

"Sasa?"

"Natazama." Hakugeuka. "Yule muuza mifagio leo amekuja na mkewe. Wamegombana, sasa wanauza kila mmoja upande wake. Na yule paka amepata watoto, wako kwenye tairi. Njoo uone."

"Kila siku unafanya hivi?"

"Kila siku. Mpaka giza liingie." Vifundo vya miguu vilikuwa vinamtetemeka, jasho linamtoka shingoni kwa kujining'iniza. "Na hakuna anayeniuliza nimeona nini."

Nilitazama visigino vyake viko hewani. Nikakumbuka mbao nne za kreti. Mimi mbao zile nilizijua miaka kumi na miwili. Nililala chumba kile nilipougua, nikalalamika joto, na sikumwambia mwanangu neno hata moja. Nilikuwa nasema ni ya mume na mke. Nikajisikia mdomo mchungu kama niliyekunywa ile chai ya marehemu.

Nikarudi kwa Gundi, nikamwambia, "Nimempata mwenyewe. Ni dirisha."

"Dirishani anakuja nani?"

"Haji mtu. Anatazama nje."

"Anatazama nani?"

"Gundi! Anatazama muuza mifagio, anatazama paka!"

"Muuza mifagio ni mrefu?"

Nilivua ndala nikampiga nayo begani. Hakushtuka. Alisema, "Nitaona mwenyewe," na kesho yake alifunga kazi mapema, jambo ambalo hata siku ya harusi yake hakulifanya, akaenda kusimama mtaa ule, mbele ya lile dirisha, upande wa pili wa njia. Mimi nilikuwa nyuma ya mkokoteni wa vitunguu. Hakunituma mtu.

Alikaa anatazama miguu inayopita, kama kawaida yake, anaisoma. Kisha kikapigwa kicheko juu.

Kile kile. Muuza vitunguu aliitua mizani yake.

Gundi akanyanyua kichwa. Katikati ya nondo palionekana paji la uso, macho mawili na vidole nane. Hapakuwa na zaidi, ndipo alipoishia. Alikuwa anacheka mpaka macho yamepotea. Na hakumwona mumewe, ambaye alikuwa amesimama wazi kabisa kando ya njia kama mlango uliosahauliwa. Gundi akageuka taratibu kuona anachekewa nani. Niliona ngumi zimekunjwa. Nyuma yake palikuwa na wachukuzi wawili wanaingiza kochi kwenye mlango mwembamba. Mmoja alikuwa amebaki ndani na kochi limeziba, anapiga kelele atolewe, na mwenzake anamjibu, "Subiri, kwanza nikae, nimechoka," akaliketia.

Basi. Kochi.

Gundi alilitazama kochi lile kwa wivu ambao sijauona hata kwa wake wenza. Miaka kumi na miwili hakuwahi kukisikia kicheko kile nyumbani kwake, na leo kimechukuliwa na kochi, tena kuukuu, chemchemi zimetoka. Ngumi zikakunjuka zenyewe. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona anajikwaa, maana alikuwa hatazami chini.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Niliposikia misumari inalia nikajua. Aliing'oa ishirini na nne, mbao nne zikaanguka, vumbi likatoka tukakohoa mpaka jirani akatupigia ukuta. Mwanga ukaingia, ukakuta kitanda, ukakuta godoro upande wa mwanamke limebonyea kidogo kama kiota. Gundi akatoa kichwa nje.

Ng'ambo hapakuwa na banda la kinyozi. Palikuwa na mashine ya kusaga, na kwa ilivyochakaa, ilikuwa na umri.

"Wewe!" Gundi akamwita msagaji. "Kinyozi yuko wapi?"

Msagaji alikuwa mweupe unga mpaka kope. "Kinyozi gani?"

"Kinyozi kijana! Mwenye banda hapo!"

"Ah, yule! Huyo mbona alihama zamani. Mimi niko hapa mwaka wa kumi huu." Akajipangusa uso, akatazama vizuri. "Kumbe hapo pana dirisha? Siku zote tulijua ni ukuta."

Gundi akarudisha kichwa ndani. Alikaa kitandani, upande wa mkewe, akatazama mashine ya kusaga mpaka ikafungwa. Halafu akaniambia, "Aliniambia. Mwaka wa pili aliniambia."

"Alikuambia."

"Nikamuuliza amejuaje."

 Na mimi ulimi wangu siku nyingine unajua kukaa.

Kesho yake aliniagiza nimletee tena vile viatu vyeusi, niseme soli mpya ina kasoro. Futi Nne akavitoa kwa mashaka. Siku mbili Gundi hakupokea kazi ya mtu. Alikata mpira wa tairi na gome jepesi la vizibo, akaviunganisha tabaka juu ya tabaka, akashona kwa uzi wa nta, akapiga msasa mpaka vikawa laini kama shavu. Viatu vikapanda vidole vinne, mbele na nyuma sawa, vyepesi unaweza kuviinua kwa kidole kimoja. Alinituma nikapime ukuta wa kile chumba kwa kamba. Nikakosea kupima, nikarudi tena, nikapewa jibu na Futi Nne: "Mama, kama mnanijengea kaburi la kusimama, semeni."

Siku ya mahakama ilipofika, hakimu akauliza, "Baba, umefikiri? Unakubali au kesi iendelee?"

Gundi alikuwa na kifurushi cha gazeti kwapani. Alisimama. Nilifunga macho, nikamwona yule mbuzi anakimbia.

"Nakubali," akasema.

Hata karani aliinua kichwa. Hakimu akamuuliza kama amelazimishwa. "Hapana, mheshimiwa. Bado sitaki aende. Ungeniuliza kama namtaka, ningesema namtaka, hata sasa hivi, na viatu vyake. Lakini hukuniuliza hilo." Akatia sahihi, herufi kubwa za darasa la tatu, akazibonyeza mpaka karatasi ya chini ikapata nakala. Futi Nne akatia yake. Kisha akalalamikia kalamu, na kalamu haikuwa na kosa.

Uani, Gundi akampa kifurushi. Futi Nne akakifungua, akavitazama vile viatu, akavitazama tena, akamwangalia.

"Vya nini virefu hivi?"

"Dirisha," akasema Gundi.

Mimi niliona haya kuwa pale, ingawa sikuondoka. Mwanamke akakaa kwenye ngazi za mahakama, akavua ndala, akavivaa. Akasimama. Alimfika Gundi begani, na miaka yote alikuwa anamfika kifuani.

"Asante, fundi," akasema. Akaenda zake. Na Gundi, nitamsifu kwa hili, hakumuuliza anakwenda wapi. Aliuma mdomo mpaka ukatoka damu, lakini hakuuliza.

Watu wa mtaa wanasema Futi Nne amerefuka uzeeni, na wapo akina mama walionijia kwa siri wakitaka dawa. Nimewauzia.

Miezi saba ikapita. Juzi Futi Nne akanipa viatu vile nimpelekee fundi, uzi umekatika pembeni. Gundi akavipokea, akapangusa vumbi. Mkono ukaanza kuvigeuza, kwa mazoea. Nikaona umesimama njiani.

"Mbona husomi?" nikamchokoza. "Soli imeandikwa pote hiyo. Huenda sasa yupo kweli. Huenda ni mfupi."

"Nyamaza, Mama Mkubwa."

"Tazama kidogo tu, upande mmoja. Huoni ninavyokufa kwa kutaka kujua?"

"Sitazami."

Naye fundi gani anayetengeneza soli bila kuitazama? Alikivika kiatu kwenye mguu wa chuma, akafumba macho yote mawili, akapapasa mahali palipoachia, akaweka msumari, akainua nyundo.

Mpaka leo kucha ya kidole gumba chake cha kushoto ni nyeusi. Ukimuuliza atakuambia nyundo iliteleza. Haikuteleza, nilikuwepo.